Mafunzo ya uongozi ya siku tatu na programu ya nyota: niliyoyaona nikiwa msimamizi wa madobi

Nianze na gurudumu. Toroli letu kubwa, lile la kubebea shuka mbichi kutoka mashine ya kukamua hadi mashine ya kukaushia, lilikuwa na gurudumu moja la mbele lililogoma kuzunguka. Shuka zilizolowa ni nzito, kwa hiyo anayelisukuma alilazimika kuliinua upande mmoja kwa goti huku akilivuta kwa mkono. Nililipita toroli lile kila siku kwa zaidi ya mwaka na sikuliona. Nililiona baada ya kwenda kwenye mafunzo ya uongozi. Basi hata nikiyasema vibaya mafunzo hayo hapa chini, mjue kwamba nina deni nayo.

Mimi ni msimamizi katika kiwanda cha kufulia nguo za hospitali: shuka, foronya, magauni ya wagonjwa, nguo za chumba cha upasuaji. Tuko watu 14 kwa zamu mbili. Mwaka jana watu 5 waliacha kazi, na tajiri akaamua kwamba wafanyakazi hawana moyo wa kazi, na kwamba mimi sijui kuwatia huo moyo. Akanunua kifurushi. Ndani yake mlikuwa na siku 3 za darasa kwa watu 2 (mimi na msaidizi wangu wa zamu ya usiku), kijitabu, programu ya simu ya kugawa nyota kwa wafanyakazi kwa muda wa miezi 3, na ahadi kwamba mkufunzi atatutembelea kazini mara 2. Jina la kampuni silitaji, maana mengine nitakayosema si mazuri na wao hawapo hapa kujibu. Ila vifurushi vya namna hii hufanana sana, na aliyewahi kuuziwa kimoja ataitambua hadithi.

Siku ya kwanza ningeirudisha dukani kama ingerudishika. Mkufunzi alikuwa kijana mchangamfu mwenye kipaza sauti kilichobanwa shavuni. Tulipiga makofi. Tulisimama. Tulimgeukia jirani na kumwambia yeye ni simba. Msaidizi wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku moja kwa moja, na aliambiwa kuwa ni simba akiwa amefumba macho.

Baada ya simba ikaja piramidi ya mahitaji ya Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, ile inayopanga mahitaji ya binadamu ngazi kwa ngazi, kwa maelezo kwamba aliichora mwaka 1943. Kabla ya kwenda nilikuwa nimesomasoma kidogo kwa hofu ya kuaibika, kwa hiyo nilijua kwamba makala ya 1943 ipo na mahitaji yamo, ila piramidi haimo. Walioichora ni watu wengine, baadaye. Halafu tukasimuliwa kiwanda cha Western Electric pale Hawthorne, karibu na Chicago, kwenye majaribio yaliyoanza 1924: taa zikiongezwa mwanga kazi inapanda, zikipunguzwa kazi inapanda vilevile, kwa kuwa wafanyakazi wanajua wanaangaliwa. Hadithi tamu. Mwaka 2011 wachumi wawili, Steven Levitt na John List, walichapisha hesabu mpya za takwimu za zile taa, ambazo watu walidhani zimepotea, na kule kupanda kwa ajabu hakukuonekana kama kunavyosimuliwa. Nilinyosha mkono nikalisema hilo kwa adabu. Nikajibiwa kwamba mimi ni mchambuzi, na mchambuzi naye ni simba wa aina yake.

Siku ya pili aliingia mama mmoja asiye na kipaza sauti. Alitusalimu, akasema aliwahi kusimamia zamu ya usiku kwenye kiwanda cha chupa, akagawa karatasi mbili kwa kila mtu. Ya kwanza: andika siku moja uliyotoka kazini ukiwa na furaha kuliko kawaida, na nini kilitokea. Ya pili: andika siku uliyotoka umevunjika moyo.

Kwenye ya furaha niliandika usiku ule pampu ya maji ilipokufa. Tulipanga upya mzigo wote, tukafua nguo za upasuaji kwanza kwa maji ya akiba, na asubuhi hakuna chumba cha upasuaji kilichokosa nguo. Kwenye ya huzuni niliandika siku niliyojua kupitia kwa wenzangu kwamba zamu yangu imebadilishwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Akazikusanya, akazibandika kwenye kuta mbili, akatuacha tutembee tuzisome kimya. Ukuta wa furaha ulijaa mambo kama: tulifanikiwa, niliachiwa jukumu, nilimfundisha mtu akaweza, mkubwa aliiona kazi yangu akaitaja. Ukuta wa huzuni ulijaa wakubwa wenye kelele, malipo yaliyochelewa, taratibu zisizoeleweka, vifaa vibovu. Hapo ndipo akatusimulia mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake, waliowauliza swali la namna hiyo wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh na kutoa matokeo mwaka 1959. Kuta zao zilifanana na zetu. Mambo yanayomkera mtu kazini ni orodha moja, yanayompa hamu ni orodha nyingine, na kuifuta ya kwanza hakuijazi ya pili. Wapo waliompinga Herzberg, na mama mwenyewe alisema hivyo bila kuulizwa: mtu akifanikiwa hujisifu mwenyewe, mambo yakiharibika humlaumu bosi, kwa hiyo orodha hizo zina upendeleo ndani yake. Nilimwamini zaidi kwa kulisema hilo.

Kisha akatupa swali la kwenda nalo kazini. Nalinukuu kama nilivyoliandika siku ile: "Kitu gani kinakukwamisha kila siku ambacho mimi nimeshakizoea?" Likaja na masharti. Muulize kila mtu peke yake, pale anapofanyia kazi, si ofisini. Katika majibu, chagua moja unaloweza kulimaliza ndani ya siku 7. Yale usiyoyaweza, rudi useme siwezi na sababu ni hii. Asiye na nia ya kurudi na jibu, alisema, ni heri asiulize kabisa.

Mchana tulifanya mazoezi ya kumkosoa mtu, wawili wawili. Nilipangiwa kumkosoa mwenzangu aliyejifanya amechelewa. Nikaanza kama nilivyozoea: "Wewe ni mfanyakazi mzuri sana, lakini..." Mama akanisimamisha. "Ukiendelea hivyo, kila akisikia sifa kinywani mwako atajikunja akingoja kofi." Njia yake ilikuwa kavu: sema ulichokiona na siku uliyokiona, sema kilisababisha nini kwa nani, uliza kulikuwa na nini, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda. Alinipimia kwa saa yake ya mkononi, nikavumilia sekunde 4 kabla sijaanza kumjibia mkosaji maswali yake mwenyewe.

Saa ya mwisho alitusimulia watoto wa shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, katika utafiti wa Mark Lepper na wenzake uliotoka mwaka 1973. Walikuwa watoto wanaopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo watachora. Kundi la pili lilipewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa, bila ahadi. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, wakiwa huru kucheza watakacho, wale walioahidiwa nyota walitumia kwenye kuchora karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua. Niliandika, nikapigia mstari.

Siku ya tatu tukauziwa nyota.

Kijana wa kipaza sauti alirudi na projekta. Programu ni rahisi kutumia, hilo silikatai: kila mfanyakazi ana ukurasa wake, msimamizi anaingiza idadi ya kazi, programu inahesabu na kugawa nyota, na kila Ijumaa jina la kinara linatokea likiwa na fataki za rangi. Nilitazama huku na huku kumtafuta yule mama. Hakuwepo. Kifurushi kimoja, kampuni moja, siku ya pili inakufundisha kwamba nyota iliyoahidiwa inaweza kuua hamu, siku ya tatu inakukabidhi kiwanda cha kutengenezea nyota. Sidhani kama mtu yeyote pale kwao amewahi kukaa siku zote 3 mfululizo.

Ningeweza kukataa. Sikukataa, kwa sababu tajiri alishalipa na alizipenda fataki.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya vicheko, na ya pili ya kasi. Meza ya kukunjia ilikimbia kuliko nilivyowahi kuiona. Wiki ya tatu hospitali ilirudisha mafurushi 9. Ndani mlikuwa na shuka zenye madoa ambazo kwa kawaida mkunjaji huzitoa na kuzirudisha zifuliwe tena. Lakini shuka inayorudi kufuliwa haihesabiwi, na isiyohesabiwa haina nyota. Magauni ya upasuaji, yenye kamba nyingi za kufungua kabla ya kupiga pasi, yalianza kubaki chini ya meza hadi zamu inayofuata, ambayo nayo iliyaacha palepale. Kijana wa mashine ya kukamua, aliyekuwa hangoji kuitwa kuja kusaidia kupakua gari, aliniuliza siku moja bila ubaya wowote usoni: "Dada, hii ina nyota ngapi?"

Mzee wetu wa pasi hakuwahi kupata zaidi ya nyota 2 kwa wiki, kwani yeye hupewa vitu vigumu. Hakulalamika. Aliniomba tu niondoe jina lake kwenye orodha, akasema, "Mwanangu, nimepiga pasi tangu wewe hujazaliwa. Nyota mbili nitampelekea nani?"

Niliizima programu mwishoni mwa wiki ya tano. Nilidhani mambo yatarudi yalivyokuwa. Hayakurudi, si upesi. Hilo nalo lina jirani yake kwenye utafiti: Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 habari za vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli, vilivyoanza kuwatoza faini wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto. Wachelewaji waliongezeka, na faini ilipofutwa hawakupungua. Jambo lililokuwa la hisani likishawekewa bei, watu huendelea kulipima kwa bei hata bei ikiondolewa. Kwetu ilichukua miezi kama miwili kabla watu hawajaanza tena kupakua gari bila kuitwa.

Katika wiki hizohizo za fataki nilikuwa nazunguka na swali la mama. Majibu yalinitia aibu kwa udogo wake. Toroli, watu 6 walilitaja. Glavu: tulikuwa tunaagiza saizi kubwa peke yake, na wanawake wenye viganja vidogo walikuwa wakizifunga kwa mpira kwenye kifundo. Ratiba ya zamu: ilibandikwa Jumapili jioni kwa wiki inayoanza Jumatatu, na mtu mwenye watoto hawezi kupanga maisha hivyo. Feni iliyoelekezwa kwenye makaratasi yangu badala ya meza ya pasi. Hiyo sikuhitaji siku 7, niliigeuza papo hapo, na mzee wa pasi hakusema neno, ila kesho yake alinisogezea kiti.

Gurudumu lilibadilishwa na fundi kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kuandika aya hii. Ratiba sasa inatoka wiki 2 kabla. Nyongeza ya muda wa mapumziko niliyoombwa sikuiweza, nikarudi kusema siwezi na kwa nini. Mwombaji alishangaa zaidi kwa kurudishiwa jibu kuliko kwa kukataliwa.

Kwa kijitabu sikutarajia chochote, na ndicho kilichonipa jambo kubwa kuliko yote. Kina kurasa kadhaa za simba, ziruke. Katikati wameeleza utafiti wa Adam Grant na wenzake wa mwaka 2007, wa wapiga simu wa kuchangisha fedha za chuo kikuu kimoja cha Marekani. Baadhi yao walikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi anayesomeshwa kwa fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye muda wao kwenye simu ulikuwa umepanda kwa asilimia 142 na fedha walizokusanya kwa asilimia 171. Sisi hatupigi simu, lakini nikawaza: katika watu wangu 14, nani amewahi kumwona mtu aliyelalia shuka aliyoikunja? Nikaandika barua hospitali, wakamleta muuguzi mkuu wa wodi moja wakati wa kubadilishana zamu.

Nilitegemea hotuba ya shukrani. Hakuleta hotuba. Alikuja na shuka mkononi, akauliza: "Nani anayekunja hivi?" Ilikuwa imekunjwa kwa urefu kwanza, ndipo kwa upana. Meza nzima ilimtazama dada mmoja mkimya wa mwisho kabisa wa meza, ambaye aliinamisha kichwa kwa sababu msaidizi wangu alishamkataza mara mbili kukunja vile; kunachelewesha. Muuguzi akaeleza kwamba mgonjwa asiyeweza kuinuka hutandikiwa akiwa amelala. Wanamgeuza upande mmoja, wanatandaza nusu ya shuka, wanamrudisha, wanavuta nusu ya pili. Shuka iliyokunjwa kwa urefu inafunguka yenyewe katikati ya kitanda. Ile nyingine inabidi ikung'utwe hewani juu ya mgonjwa. Wauguzi wa wodi ile walikuwa wakizichambua shuka zetu asubuhi kuzitafuta za dada huyu.

Baadaye nilimuuliza alijuaje. Aliwahi kumuuguza mama yake kitandani. Basi nikaifungua ile programu iliyozimwa, nikatazama. Kwa wiki zote 5 alikuwa wa mwisho kwa nyota.

Sasa tunakunja kwa urefu sote, na yeye ndiye aliyewafundisha wenzake, kwa siku 2, nikiwa nimekaa kando. Sitasema kiwanda kimegeuka. Mmoja ameacha kazi tangu hapo na bado tuna ugomvi wa nani anapakua gari wakati wa mvua.

Kuhusu pesa, kuna jambo linaniuma na lazima niliseme. Tajiri alipochungulia darasani siku ya tatu, aliokota sentensi moja tu: pesa si motisha. Nyongeza iliyokuwa inazungumzwa ikaahirishwa. Mama hakusema hivyo. Malipo yalikuwa kwenye ukuta wa huzuni, na jambo lililo kwenye ukuta ule usipolishughulikia, hayo mengine yote ni kumpaka mtu rangi ya kucha huku kidole kinatoka damu. Mwaka 1914 Henry Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, na sababu kubwa ilikuwa kwamba watu walikuwa wakimkimbia kiwandani na ilibidi aajiri wapya bila kukoma. Nilimpa tajiri mfano huo. Amesema atafikiria. Mimi nami nimejifunza kunyamaza: safari hii nilifika sekunde 10.

Huduma yao baada ya mauzo ni hafifu. Katika matembezi 2 tuliyoahidiwa tulipata 1, baada ya simu zisizopungua 8, na aliyekuja ni kijana wa kipaza sauti. Alikaa nusu saa. Taarifa aliyotuandikia ilisifu juhudi za "timu yako ya mauzo". Sisi hatuuzi kitu, tunafua. Soma pia mkataba wa programu hadi mwisho: unajiendeleza wenyewe baada ya miezi 3 usipoandika kuukatisha, na kufutiwa majina ya wafanyakazi wangu kwenye mfumo wao kulihitaji barua 3.

Anayesimamia watu wanaofanya kazi isiyohesabika vizuri, yaani kazi ambayo ubora wake unaonekana kwa mtu mwingine mahali pengine, asiziguse nyota. Kwa watu wanaofanya kitu kimoja kinachofanana siku nzima na kisichofichika kikiharibika, huenda zisiwadhuru sana. Kabla ya kulipa, uliza nani anafundisha siku gani na aliwahi kumsimamia nani. Wakikujibu kwa vyeti, uliza tena.

Alama zangu: siku ya kwanza 1 kati ya 5, siku ya pili 5, kijitabu 4, programu sifuri, huduma 1.

Mwezi uliopita niliwapigia simu kuomba yule mama aje kwetu peke yake, siku moja, bila kifurushi, na tajiri alikuwa amekubali kulipia. Binti wa mapokezi aliniomba nisubiri, akaenda kuuliza, akarudi. Mama yule ameacha kazi.